Mahadhi: shairi linapotiwa sauti

Shairi likitoka mkononi mwa mshairi huwa tayari lina vina na mizani yake, na mara nyingi kituo kinachorudi mwisho wa kila ubeti. Anayelipokea ili liimbwe hukuta maswali ambayo karatasi haikuyajibu. Neno lipi livutwe? Pumzi ichukuliwe wapi? Sauti ipande wapi, itue wapi? Njia ya sauti anayoichagua, ile mwimbaji atakayoifuata mshororo kwa mshororo, ndiyo mahadhi. Wengine huita lahani.

Kazi hii si ngeni kwetu hata kidogo. Mshairi Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Utenzi nao una namna yake ya kughaniwa: sauti moja ya jadi, fupi, inayobeba mamia ya beti bila kuchoka, maana kila kipande kina mizani minane na msikilizaji anafuata kisa. Hapo mghani hatungi sauti, anairithi. Mahadhi ninayoyasema hapa ni yale yanayotungwa kwa ajili ya shairi fulani, kama inavyofanyika katika taarab, ambako mara nyingi mtunzi wa maneno ni mmoja, wa muziki ni mwingine, na mwimbaji ni wa tatu.

Tuone kazi yenyewe kwa karibu. Nimetunga mishororo miwili kwa mfano:

Jahazi latweka tanga, na mimi nabaki pwani,
Mpenzi, leso napunga, machozi yaja machoni.

Kila kipande kina mizani minane, na vina vinakubaliana. Kwa macho, mishororo hii ni pacha. Sasa isome kwa sauti huku ukipiga kofi kwenye mkazo. Kiswahili kwa kawaida hukazia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo utapata: ja-HA-zi la-TWE-ka TA-nga. Kofi limeangukia mizani ya 2, ya 5 na ya 7. Kipande cha "na mimi nabaki pwani" kinatoa hesabu hiyohiyo.

Mtunzi wa muziki anaweza kuipenda sana ile silabi ya tano, "twe". Anaipandisha juu na kuivuta, sauti ikapaa kama tanga lenyewe linavyopaa mlingotini. Pazuri mno. Kisha unakuja mshororo wa pili: m-PE-nzi LE-so na-PU-nga. Mkazo sasa uko kwenye mizani ya 2, ya 4 na ya 7, na ile sauti ndefu ya tano inaangukia "so". Mwimbaji anajikuta akiimba "lesoooo", neno limepinda mdomoni. Kipande cha pili nacho kitampa "yajaaaa". Mizani imetimia, lakini lugha imeumia.

Ndiyo maana kuhesabu mizani peke yake hakutoshi. Mizani humwambia mtunzi idadi ya silabi, mkazo humwambia uzito ulipo. Katika kipande cha minane, mahali pa kuaminika ni mizani ya saba, kwa sababu kipande karibu daima kinaishia mwisho wa neno, na hapo mkazo lazima uwe kwenye silabi iliyotangulia ya mwisho. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya waimbaji wengi kukaa sana karibu na kina: pale sauti inaweza kuvutwa bila kuliharibu neno.

Kupotoka kwa mkazo kunaweza hata kugeuza maana. "Barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia, na ukiukaza kwenye ya pili umesema sawasawa.

Tena kuna ile "m" ya "mpenzi". Kwa mshairi ni mizani kamili, sawa na "ja" ya "jahazi". Kwa mwimbaji ni silabi isiyo na irabu, na midomo imefungwa. Ukiipa sauti ndefu yenye nguvu, atabaki anavumia puani wakati vinanda vimekwisha mpisha. Mtunzi makini huipa sauti fupi, ya chini, iwe ngazi ya kupandia "pe".

Swali kubwa linalobaki ni kama beti zote zitumie mahadhi mamoja. Taarab kwa kawaida hujibu ndiyo: ubeti wa kwanza na wa mwisho hupita njia moja, na katikati fidla, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na akodiani hujibizana na mwimbaji. Kuna njia nyingine. Mwaka 1815 mtunzi wa muziki Franz Schubert, kijana wa miaka 18 mjini Vienna, alilitia muziki shairi la Goethe, mshairi wa Kijerumani, "Erlkönig", la baba anayekimbiza farasi usiku akiwa amembeba mtoto mgonjwa. Aliacha muziki ubadilike kadiri kisa kinavyoendelea, mwimbaji mmoja akawa msimulizi, baba, mtoto na jini. Goethe mwenyewe alipendelea muziki mmoja kwa beti zote, ili shairi lisifunikwe. Mimi nauelewa kila upande, ila moyo wangu uko kwa mahadhi yanayorudi, kwa sababu yanaliachia neno kazi ya kubadilika.

Wakati mwingine safari huanzia upande wa pili: sauti ipo, maneno yanatafutwa. Wimbo wa Taifa wa Kenya uliandikiwa maneno juu ya sauti ya bembea, wimbo wa kumbembeleza mtoto, ya Wapokomo. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, kwa sauti za filamu za Kihindi. Sauti ikitangulia, ni mshairi anayelazimika kusikiliza, achague neno ambalo mkazo wake utakaa pale muziki ulipokwisha kupanda.

Ukitaka kujua kama kazi imekaa vizuri, usiwatazame wapigaji. Tazama ukumbini. Mama mmoja ameshika noti yake tangu ubeti wa kwanza, hajainuka. Ubeti wa tatu unafika, mwimbaji anatua kwenye neno alilokuwa akilingojea, limetamkika lote, halikupinda. Hapo anasimama, anakwenda mbele taratibu na kumtunza.