Kifungu kinachomfundisha mgonjwa kusema uongo

Mgonjwa anafikishwa hospitali usiku, ndugu wawili wamemshika mabegani. Muuguzi wa mapokezi anauliza imekuwaje. Ndugu wanatazamana, kisha mmoja anajibu: "Ameteleza," au "Amemeza kwa bahati mbaya." Daktari hajafika bado, lakini kosa la jinai la kujaribu kujiua limeshamaliza kazi yake. Halijamzuia mtu kujidhuru. Limeficha habari ambazo daktari alizihitaji kuliko zote: ametumia nini, kiasi gani, saa ngapi, na je, alikusudia? Jibu la swali la mwisho likikosekana, mgonjwa ataoshwa, atafungwa bandeji na kuruhusiwa kurudi kwenye chumba kilekile alichotoka. Hakuna atakayemwandikia rufaa ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili, maana kwenye faili imeandikwa "ajali".

Nasoma sheria za jinai kwa kazi, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kujaribu kujiua kusiwe kosa. Ila wengi wanaoitetea hoja hii huanza na magereza, wakati kesi nyingi za namna hii hazifiki hata kwenye hukumu. Madhara yako kwenye kaunta ya mapokezi, kwenye kitabu cha matukio cha polisi, kwenye dhamana. Kwa hiyo anayetaka kuifuta sheria hii asiishie kufuta mstari mmoja.

Mstari wenyewe kweli ni mmoja. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 226 cha ile ya Kenya viliandikwa karibu kwa maneno yaleyale: anayejaribu kujiua ana hatia ya kosa dogo. Adhabu haikutajwa hapo. Inabidi ufungue kifungu cha jumla cha adhabu za makosa madogo, ndipo ukute kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili.

Upande wa mashtaka una mambo mawili ya kuthibitisha: tendo, na nia ya kufa. Tendo huwa linaonekana. Shughuli iko kwenye nia. Si kila anayejidhuru anataka kufa, na wengine wenyewe hawawezi kueleza walitaka nini saa ile. Basi mpelelezi atapata wapi ushahidi? Kwenye barua kama ipo, au kwenye maneno ambayo mgonjwa alimwambia muuguzi wakati anabadilishiwa dripu. Hapo muuguzi anageuka shahidi wa mashtaka, na faili la matibabu linakuwa kielelezo. Wodi nzima ikishajua hivyo, mgonjwa wa kitanda cha jirani hatathubutu kusema lolote.

Kisha kuna maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayotoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Polisi huyachukua mara nyingi mtu akiwa bado mgonjwa, pengine ana pingu mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda, mkono wa pili una sindano ya dripu. Wakili makini anaweza kuyapinga maelezo hayo yasipokewe, kwa kuwa sheria inataka yatolewe kwa hiari na mtu mwenye akili timamu. Tatizo ni kwamba washtakiwa wengi wa kosa hili hawana wakili. Wanasomewa shtaka, wanakiri ili waende nyumbani, na hata hakimu mwenye huruma akimwachia kwa masharti, kumbukumbu ya jinai imeshaandikwa. Itamsubiri siku atakapoomba kazi na kuambiwa alete hati ya tabia njema.

Dhamana nayo ina kituko chake. Mahakama inataka wadhamini, na wadhamini huwa ni jamaa wa karibu, ambao wakati mwingine ndio aliogombana nao, au ndio waliotoa taarifa polisi. Mtu aliyekuwa anahitaji kusogezwa mbali na ugomvi anakabidhiwa kwa saini mikononi mwa ugomvi.

Na kuna jambo la mantiki ambalo wanafunzi wa sheria hulishtukia haraka. Kwa kawaida jaribio ni mtoto wa kosa kamili: kujaribu kuiba ni kosa kwa sababu kuiba ni kosa. Hapa mzazi hayupo. Kanuni hizi hazina kosa la kujiua. Zina kosa la kujaribu tu. Anayeadhibiwa ni aliyepona, na ameadhibiwa kwa kupona.

Huyo mtoto asiye na mzazi alizaliwa Uingereza, ambako mzazi alikuwepo. Kujiua kulihesabiwa kosa kubwa: maiti ilizikwa njia panda, na mali ya marehemu ikachukuliwa na Ufalme. Maziko ya njia panda yalikomeshwa mwaka 1823, kunyang'anya mali mwaka 1870. Jaribio likabaki kosa, na likasafirishwa na sheria za kikoloni: India lilikuwa kifungu cha 309 cha kanuni ya adhabu ya mwaka 1860; Afrika Mashariki likaja na kanuni za adhabu za mwaka 1930. England na Wales zenyewe zililifuta tarehe 3 Agosti 1961, miezi minne tu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Aliyelishona vazi akalivua. Waliovalishwa wakabaki nalo.

Miaka ya karibuni wengi wamelivua. Sri Lanka ilifuta mwaka 1998. Singapore ilipitisha sheria ya kufuta mwaka 2019, ikaanza kutumika Januari 2020. Pakistan na Guyana zikafuata mwaka 2022, Ghana na Malaysia mwaka 2023. Kenya njia yake ilikuwa ya mahakama: Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kugusa haki ya usawa, utu, na haki ya afya.

Anayetetea kosa libaki husema linatisha watu. Kitisho humfanyia kazi mtu anayepiga hesabu ya kesho, na aliyefika ukingoni haioni kesho. Lakini sitavuka mpaka wa ushahidi kwa upande wangu pia: kufuta kosa peke yake hakushushi vifo. Sri Lanka vifo vya kujiua vilipungua sana baada ya katikati ya miaka ya 1990, na watafiti wanaona sababu kubwa ni kupigwa marufuku, awamu kwa awamu, viuatilifu vya kilimo vyenye sumu kali zaidi. Kufuta kosa kunafungua mlango tu. Matibabu ndiyo yanayotakiwa kuingia.

Hoja ya dini naipita haraka. Dhambi si lazima iwe jinai; kuna mengi ambayo dini inakataza na polisi hawayagusi.

Hoja nzito ni ile ya polisi: kosa likiondolewa, askari atavunja mlango kwa mamlaka gani? Hili lina jibu la kiufundi. Mamlaka ya kuingia, kumzuia mtu asijidhuru na kumpeleka hospitali hayahitaji kosa nyuma yake; yanahitaji kifungu chake, ama kwenye sheria ya afya ya akili ama kwenye sheria ya polisi. Singapore ilipofuta kosa iliyaweka mamlaka hayo kwenye marekebisho yaleyale. Ukisahau kipande hiki, askari wa zamu ataogopa kushtakiwa kwa kuingia nyumba ya mtu, naye ana haki ya kuogopa.

India ndiyo darasa la namna ya kukosea. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilikitupa kifungu cha 309, na mwaka 1996 ikakirudisha. Mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Afya ya Akili, ambayo kifungu chake cha 115 kinasema aliyejaribu kujiua achukuliwe kuwa alikuwa na msongo mkali, asishtakiwe, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Uzuri wake unaonekana, ila kifungu cha 309 kiliachwa kitabuni. Askari wa kituoni hafungui sheria ya afya. Anafungua kanuni ya adhabu, analiona kosa, anafungua jalada. Kanuni mpya iliyoanza Julai 2024 haikukirudisha kifungu hicho, lakini imeweka kosa la kujaribu kujiua kwa lengo la kumshinikiza mtumishi wa umma. Kwa macho yangu huo ni mlango wa nyuma, na anayegoma kula anaweza kujikuta amesukumwa aupitie.

Kwa hiyo muswada mzuri unakuwa na nini? Kwanza unafuta kosa, kwa neno "kimefutwa", bila "isipokuwa". Pili, unalinda kosa la kumchochea au kumsaidia mtu ajiue, kwa sababu huyo mchochezi bado ni hatari. Waingereza walilijua hili: sheria yao ya 1961 kifungu cha 1 kinafuta, cha 2 kinaunda kosa la usaidizi lenye kifungo hadi miaka 14. Tatu, na hapa ndipo wengi huchoka, unafuata matawi: mwongozo unaomtaka daktari atoe taarifa polisi, fomu ya polisi inayodaiwa kabla ya matibabu ya majeraha, kanuni za utumishi zinazomfukuza askari au mwalimu kwa "kosa" hilo. Nne, kesi zilizopo ziondolewe na hukumu za zamani zifutwe kwenye kumbukumbu. Bila waraka kwenda kila kituo cha polisi, yote hayo yatabaki gazetini.

Jambo moja la leo, hata pale ambapo kosa bado lipo. Ukimpeleka ndugu hospitali, mwambie daktari ukweli wote. Maisha yanategemea hilo. Polisi wakija, mgonjwa ana haki ya kukaa kimya na kusubiri wakili. Ukweli kwa daktari na ukimya kwa polisi havigongani. Na kama unahofia mtu wa nyumbani, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu naye, mfikishe kwenye huduma. Kama unayejiuliza hivyo ni wewe, mwambie mtu mmoja sasa hivi, au nenda hospitali iliyo karibu.

Mahakama inamwita mshtakiwa kesi yake itajwe, tena na tena. Kuna kalenda nyingine iliyojaribiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika nchi tano, zikiwemo India na Sri Lanka, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu ya kundi, kwa makadirio, walipata mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha kupigiwa simu au kutembelewa mara 9: wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, halafu mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Wengine walipata huduma za kawaida. Mwisho wa miezi 18, waliokuwa wamekufa kwa kujiua ni asilimia 2.2 ya kundi la huduma za kawaida, na asilimia 0.2 ya waliopigiwa simu au kutembelewa. Hospitali inayotaka kuanza inahitaji daftari lenye safu tisa za tarehe, simu yenye salio, na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo kwa jina. Safu ya kumi, ile ya "imeripotiwa polisi?", iachwe nje ya daftari.