Matope ya Safari Rally kwenye modeli ya Datsun 240Z: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari, yaani Safari Rally, kwa Datsun 240Z nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa seti ya plastiki ya gari hilo kwa kipimo cha 1/24, hivyo gari la mita nne na ushei linabaki na urefu wa sentimita 17 hivi. Kwangu hakuna modeli inayoipita. Inasikitisha kwamba wengi huiunga vizuri sana, halafu wanaiharibu mwishoni, wanapoanza kuipaka vumbi na matope kwa kufuata mambo yanayorudiwa bila kuchunguzwa.

"Gari la zamani lazima liwe na kutu."

La zamani kwetu sisi wa leo. Siku lilipoondoka kwenye jukwaa la kuanzia lilikuwa jipya, limeandaliwa na kiwanda kwa ajili ya mbio zile. Siku chache za Pasaka hazitoshi kutu kula mlango. Palipopigwa jiwe pataonekana doa dogo la chuma, labda na wekundu hafifu kama lilinyeshewa, basi. Anayejaza kutu kwenye madigadi ametengeneza gari lililotelekezwa nyuma ya gereji.

Kwa hiyo rangi iliyo chini ya matope inatakiwa bado ing'ae, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Osha vipande kwa maji na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta. Piga msasa mishono yote. Kisha praima, yaani rangi ya msingi, na kwa wekundu huu nashauri nyeupe au ya waridi, maana nyekundu ikipakwa juu ya kijivu hufifia na kukosa uhai. Boneti ni nyeusi isiyong'aa, ilipakwa hivyo ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Vumbi litaonekana juu yake kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo weka kidogo.

"Matope yakizidi, uhalisia unazidi."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Matope hayaangukii gari kutoka juu. Yanarushwa na magurudumu. Yanajaa ndani ya madigadi, yanapanda nyuma ya kila gurudumu, yanatapakaa chini ya milango na kuganda kwenye bampa ya nyuma. Paa hupata vumbi tu na matone machache. Kioo cha mbele kina tao safi mbili pale wipa zilipopita, na pembeni mwa tao uchafu ni mzito, kwa kuwa wipa ndizo zimeusukuma huko. Pembeni mwa kitasa cha mlango pamefutika kwa vidole vya watu waliopanda na kushuka usiku kucha.

Taa, kioo na namba vilifutwa kwa kitambaa kwenye vituo vya huduma. Sehemu nyingine hakuna aliyejali, kwa sababu muda ulikuwa mali. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, naye kwenye 240Z, alimaliza akiwa sawa kwa alama na dereva mwenzake Harry Källström, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Katika mbio za namna hiyo hakuna anayesimama kuosha gari. Hufutwa kile tu dereva anachohitaji ili aone na waamuzi wanachohitaji ili walitambue gari.

Basi kabla ya kushika brashi, amua gari lako liko wapi na ni saa ngapi. Linaondoka Nairobi? Litakuwa safi. Liko katikati ya usiku wa pili? Linakaribia mwisho? Tafuta picha ya saa hiyo, uifuate. Bila uamuzi huo utapaka matope kila mahali, na modeli haitasema lolote kuhusu njia iliyopita.

"Matope ni ya kahawia."

Mbio zilifanyika Pasaka, mara nyingi masika yakianza, na barabara zilipita kwenye udongo wa kila aina. Tsavo ni mwekundu. Tambarare za Athi zina udongo mweusi unaonata, unaojaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linakwama, na ukikauka unakuwa wa kijivu. Tabaka la chini ni la zamani, limekauka na kupauka. La juu ni bichi, jeusi zaidi, lina mng'ao wa maji. Paka kwa mpangilio huohuo, kwanza rangi iliyopauka, kisha iliyokoza, na mwisho tone la vanishi inayong'aa pale tu unapotaka paonekane pamelowa.

"Hakuna kinachoshinda udongo halisi."

Piga hesabu. Punje ya nusu milimita kwenye kipimo cha 1/24 ni jiwe la milimita 12. Udongo wa bustanini utalifanya gari lionekane limemwagiwa kokoto. Ukitaka kuutumia, ukaushe kwa moto, uuchekeche kwa soksi ya nailoni, uchukue ule ulio kama poda, na ukumbuke kwamba ukichanganywa na gundi utakoza. Mimi napendelea chaki za kuchorea zilizokwanguliwa kwa wembe. Hesabu hiyohiyo inahusu mikwaruzo: alama ya milimita moja ni pigo la karibu sentimita mbili na nusu.

"Gundi ni gundi, thina ni thina."

Supaglu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye vioo. Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Thina ya rangi ya mafuta ikifikia plastiki tupu iliyobanwa, hasa kwenye ekseli, inaweza kuipasua. Pitisha vanishi kwanza, na usiilowanishe plastiki kwa thina. Stika za namba nazo zinataka uso unaong'aa, la sivyo hewa hubaki chini yake na kung'aa kama fedha.

"Maliza kwa vanishi juu ya kila kitu."

Vanishi ikipulizwa juu ya poda ya chaki, nusu ya vumbi hupotea na iliyobaki hukoza, na tofauti kati ya kikavu na kibichi huisha. Modeli inayokaa ndani ya kisanduku cha kioo haiihitaji. Tengeneza kibao cha kuisimamishia kabla ya kuanza vumbi, uifunge kwa skrubu kupitia sakafu ya gari, na kuanzia hapo ushike kibao tu, vidole visije vikafuta vumbi.