Utaapa umelisikia, na halikusomwa

Tafuta watu watano au sita, karatasi, kalamu na dakika kumi. Wasomee maneno haya kwa sauti ya kawaida, neno moja kila sekunde moja na nusu hivi: kitanda, ndoto, mto, shuka, kuchoka, godoro, kukoroma, usiku, blanketi, miayo, kuamka, kujinyoosha. Ukimaliza, wape hesabu za kujumlisha kwa dakika mbili, kisha kila mtu aandike maneno anayoyakumbuka, bila kubahatisha.

Sasa angalia nani ameandika "usingizi". Anayeandika "kulala" naye mhesabu. "Kusinzia" nimeliacha nje ya orodha makusudi: limekaribiana mno na "usingizi" kwa sauti, na hapa tunapima maana.

Mwaka 1995 wanasaikolojia Roediger na McDermott walifanya jaribio la namna hii kwa Kiingereza. Katika raundi yao ya kwanza neno ambalo halikusomwa liliandikwa kwa takriban asilimia 40, sawa na maneno yaliyokaa katikati ya orodha, ambayo yalisomwa kweli! Kila neno linaligusa "usingizi" kidogo, na kufikia la kumi na mbili liko mdomoni tayari. Wakati wa kukumbuka, akili hulipokea kwa sababu limekuja kwa wepesi, na wepesi huo ndio tunaouita "nakumbuka kabisa".

Jaribio likifeli, mara nyingi orodha imechanganywa mada, au msomaji amepunguza mwendo hadi watu wakapata nafasi ya kukagua kila neno. Kuwaonya mapema hupunguza kosa, ila hakulimalizi.

Vitu navyo ni vilevile. Watafiti Brewer na Treyens, mwaka 1981, waliwaketisha wanafunzi katika ofisi ya chuo kwa sekunde 35 tu, kisha wakawauliza walichokiona. Tisa kati ya 30 walitaja vitabu. Ofisi haikuwa na vitabu, lakini ofisi ya msomi bila vitabu nani anaitarajia?

Ndiyo maana mashahidi wawili wa tukio moja waandike kila mmoja peke yake kabla hawajazungumza, na swali la kwanza liwe "Kulikuwa na nini?" Ukianza na "Vitabu vilikuwa rafu gani?", vitabu umeshaviweka wewe.