COC si ya kununuliwa kabla ya kusoma kadi ya gari

Kuna maneno nimechoka kuyasikia kwa wateja: "COC nimeshaagiza mtandaoni, sasa tuanze." COC ni cheti cha mtengenezaji kinachosema gari linalingana na idhini yake ya Ulaya. Mtu kahama Ubelgiji kwenda Ujerumani, kadi ya gari hajaisoma hata mstari mmoja, lakini dalali wa intaneti keshalipwa. Inauma, kwa sababu mara nyingi hela hiyo haikuhitajika kutoka.

Watu wanaamini kwamba bila COC gari halisajiliwi nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Si kweli. Sheria ya Umoja huo ya mwaka 1999, namba 1999/37, inazitaka nchi wanachama zitambuane kadi za usajili, na ndiyo maana kadi hizo zinatumia herufi zilezile kila nchi. B ni tarehe ya usajili wa kwanza, E ni namba ya chasisi, K ni namba ya idhini ya aina ya gari. Ishike kadi yako utafute K. Ukikuta imeandikwa e1*2007/46* na tarakimu zinazofuata, gari liliidhinishwa Ujerumani. Ikiwa e2 ni Ufaransa, e4 Uholanzi, e6 Ubelgiji. Idhini ya nchi moja inafaa Umoja mzima. Kisha nenda kwenye gari lenyewe, linganisha E na namba iliyopigwa kwenye bodi, herufi kwa herufi.

Ubelgiji ilikuwa ikidai COC juu ya kadi, hata kwa magari yaliyokwisha kusajiliwa kwingine. Septemba 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi C-150/11, iliikatalia. Kwa hiyo karani akikudai COC na kadi yako imekamilika, mwombe kwa heshima akuandikie ni taarifa gani inayokosekana. Usiondoke dirishani na jibu la mdomo.

COC inahitajika kweli kwa gari jipya ambalo halijawahi kusajiliwa, au pale K ilipo tupu. Hapo mwendee mtengenezaji au mwakilishi wake, maana yeye ndiye anayeitoa. Kanuni ya 2018/858 inampa mwenye gari haki ya kuomba nakala ndani ya miaka 10 tangu gari litengenezwe, kwa ada isiyozidi gharama ya kuitoa. Dalali anapeleka ombi hilohilo, anaongeza chake juu. Na gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, kama yale tuliyoyazoea Dar na Mombasa, kwa kawaida halina COC ya Ulaya kabisa. Hilo linaombewa idhini yake peke yake.

Wateja husema pia: "Gari limetumika, VAT hainihusu." Kwa hesabu za VAT, gari ni jipya likiwa halijapita miezi 6 au halijapita kilomita 6,000. Sharti moja linatosha. Gari la miaka miwili lenye kilomita 5,000 ni jipya, na VAT inalipwa nchi unakolipeleka.

Au: "Nina miezi 6 ya kutembea na namba za zamani." Hiyo ni ya anayekaa kwa muda. Ukishahamisha makazi, unafuata muda wa nchi uliyohamia.

Gari la mkopo la Ujerumani: kadi ya huko ina sehemu mbili, Teil I ya kutembea nayo garini na Teil II ya kuhifadhi, na Teil II mara nyingi imeshikwa na benki. Zungumza na benki kabla ya kuhama, kwa sababu Teil I peke yake haitakufikisha popote.

Na Uingereza jamani si Umoja wa Ulaya tena. Tangu 2021 gari linalotoka huko linapita forodha. Msamaha wa anayehamisha makazi upo, ikiwa uliishi nje ya Umoja miezi 12 mfululizo na gari ulikuwa nalo, ukilitumia, angalau miezi 6 kabla ya kuhama. V5C, yaani kadi ya usajili ya Uingereza, haithibitishi kwamba gari ni mali yako, kwa hiyo tafuta risiti ya manunuzi kabla hujapanda feri. Ukishapata msamaha, usiliuze wala kulikodisha kabla miezi 12 haijaisha, la sivyo ushuru utadaiwa.