Saini ya chini ya imeili ndo nini hasa?

Ukiambiwa "weka saini kwenye imeili zako" usifikirie ule mchoro wa benki. Hapa saini ni yale maneno yanayojibandika chini ya kila meseji unayotuma, jina, labda kazi na mji, unayaandika mara moja kwenye mipangilio halafu umemaliza. Hata ile "Sent from my iPhone" ni saini, ilikuja na simu, mwenyewe hajaigusa tu.

Mambo haya ni ya kitambo. Enzi za Usenet, yale makundi ya mijadala ya mtandaoni ya zamani, mtu alikuwa na kijifaili kinaitwa .signature kwenye kompyuta yenye mfumo wa Unix, akituma ujumbe kwenye kundi kinajishonea chini. Kanuni ilikuwa mistari 4 basi, na mwongozo wa adabu za mtandaoni wa 1995, RFC 1855, ukaiandika kabisa, maana watu wengi walilipia intaneti kwa dakika, kwahiyo mbwembwe zako zilikuwa zinakula hela ya mwenzio.

Siku hizi bando halitishiki na mistari minne, ila kero ipo palepale. Kuna jamaa kwenye kundi letu kajibu "sawa", neno moja, chini yake nembo ya kampuni, namba tatu za simu, aya ya Biblia, na onyo eti kama ujumbe huu si wako ufute haraka. Kautuma kwa watu mia mbili!

Sasa kuna kitu wengi hawakijui. Saini ya maandishi matupu huanza na mstari wenye dashi mbili na nafasi moja, hivi:

-- 
Asha, fundi cherehani
Tanga

Ile nafasi baada ya dashi haionekani lakini ndo yenyewe, baadhi ya programu za imeili zinaitumia kujua saini imeanzia wapi, mtu akikujibu zinaikata, ukiisahau inabaki inajirudia kila jibu.

Kwa Gmail ya kwenye kompyuta bofya kile kialama cha gia, fungua mipangilio yote, shuka chini utaikuta. Ukishaiandika chagua itokee kwenye meseji mpya na kwenye majibu, wengi wanaruka hapo wanabaki kushangaa mbona haitokei, halafu usisahau kuhifadhi. App ya simu ina saini yake, unaweka upya.

Namba ya simu mimi kwenye makundi siweki, anayeihitaji ataniomba.