Chambo kisicho na mdomo: kwa nini wolai hukishika kikishuka

Vyambo bandia vingi vyenye umbo la samaki vina kibamba cha plastiki kidevuni. Wavuvi wa Marekani na Kanada hukiita mdomo, na ndicho kinachokizamisha chambo kinapovutwa. Chambo kisicho na mdomo hakina kibamba hicho. Ni kizito, mbavu zake ni bapa, na pete ya kufungia mshipi iko mgongoni karibu na kichwa. Huzama kwa uzito wake. Kikivutwa, mwili wote hutetemeka kwa kasi, na gololi zilizomo tumboni hulia kama kayamba.

Wolai, samaki wa maji baridi wa Marekani Kaskazini, ana macho yanayong'aa yakimulikwa, kama ya sangara. Huwinda jioni, usiku na kwenye maji machafu. Katika maji ya tope kama ya Ziwa Winnipeg, Kanada, mtetemo humfikia kabla hajaona kitu, naye husogea kuangalia. Kumwita si kazi ngumu. Kazi ni kumfanya aume, na mara nyingi huuma chambo kinaposhuka.

Kwa hiyo shughuli yote iko kwenye kushusha. Tupa, acha chambo kifike chini, kisha inua ncha ya fimbo kwa nguvu kiasi cha nusu mita, hadi mtetemo usikike mkononi. Hapo shusha fimbo ukikifuata chambo, mshipi ukiwa karibu kulegea. Ukiukaza, chambo huja upande wako kwa mteremko ulionyooka, bila kuyumba. Ukiulegeza mno, ndoana ya mbele huunasa mshipi, na safari inayofuata chambo hupanda kikiwa bubu. Usisubiri mshtuko: wolai akiuma, mara nyingi mshipi husimama kabla ya kufika chini, au unapoinua tena unakuta uzito. Vuta hapo hapo.

Chambo cha sentimita 5, chenye gramu 9 hivi, kinatosha kwenye kina cha mita 2 hadi 4. Palipo na kina zaidi au upepo, tumia cha sentimita 6 au 7. Mshipi wa kusukwa wa ratili 10 hupeleka mtetemo vizuri; mbele yake unga kipande cha sentimita 60 cha fluorokaboni, uzi wa plastiki usioonekana kwa urahisi majini. Fundo lililobana kwenye pete huua mtetemo, hivyo tumia kifungo kidogo cha waya chenye umbo la duara. Kijaribu chambo kando ya mashua: kisipotetemeka, angalia kama ndoana zimeshika majani.

Majani yenyewe si adui. Chambo kikigusa ncha zake, kichomoe kwa mkono mkali. Ule mchomoko ndio humchokoza samaki. Mawe ndiyo hula vyambo, kwa hiyo hapo inua mapema, kabla hakijatulia chini.

Ziwa likiganda, ukivua kupitia tundu lililotobolewa kwenye barafu, inua sentimita 30 hadi 60, achia, kisha kitulize kwa sekunde 5 hadi 10. Samaki akionekana kwenye sona, yaani kifaa kinachoonyesha samaki chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, anakaribia kisha anarudi nyuma, punguza kelele: tikisa kidogo tu, gololi zisilie. Katika jimbo la Manitoba, Kanada, sheria inataka ndoana zisizo na jino la kuzuia kuchomoka, hivyo akishanasa, mshipi usilegee hata kidogo mpaka atoke tunduni.