Mchezo Mpya wa Kasino: Una Nini cha Kuuza?

Mtu akibuni mchezo mpya wa karata, fikra humkimbilia kwenye bei: auze kwa kiasi gani, na amuuzie nani? Lakini kabla ya bei kuna swali zito zaidi, nalo ni kama ana kitu cha kuuza. Watu wenye vipaji vikubwa wameingia kwenye mazungumzo na kampuni zinazopeleka michezo kwenye kasino bila kujiuliza hilo, wakatoka mikono mitupu. Inauma, maana dhana zinazowaponza ni zilezile miaka nenda miaka rudi.

"Kanuni nimezitunga mimi, kwa hiyo ni zangu"

Si zako. Hakimiliki inalinda maandishi ya maelekezo na michoro ya kitambaa cha meza, hailindi namna ya kucheza. Mwingine akiueleza mchezo huohuo kwa maneno yake, hajavunja sheria. Inabaki hataza, yaani haki ya kipekee anayopewa mvumbuzi, na huko nako mlango umebana. Mkataba wa Hataza wa Ulaya hauzihesabu kanuni za michezo kuwa uvumbuzi, na Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 ina msimamo huohuo.

Marekani ndiyo iliyokuwa ikitoa hataza kwa urahisi zaidi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya huko ilitoa hukumu katika kesi ya Alice, iliyohusu programu za kompyuta katika mambo ya fedha. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaitumia hukumu hiyo kukataa ombi la hataza la toleo jipya la mchezo wa karata wa blackjack, katika kesi ya Smith. Majaji walisema kuweka dau na kugawa karata za kawaida kwa kanuni mpya ni wazo tu, na wazo tupu halipewi hataza. Waliacha upenyo: mchezo unaotumia seti ya karata mpya kabisa huenda ungepita. Mwaka 2018 mchezo wa kete ulikwama kwenye kizingiti hichohicho.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga simu kwa kampuni yoyote, hesabu ulivyo navyo: jina lililosajiliwa kama alama ya biashara, michoro, kifaa maalumu kama kipo, na hesabu zilizothibitishwa za uwezekano wa kushinda na kushindwa. Jina ndilo ambalo wengi hulidharau, ilhali ndilo analolitafuta mchezaji akiingia ukumbini.

"Nikishapata hataza, nimekwisha kuwa salama"

Hapa kisa cha Derek Webb kinafaa kusomwa na kila mbunifu. Huyu ni Mwingereza aliyekuwa akicheza poka kwa kujipatia riziki, na mwaka 1994 akabuni Three Card Poker, poka ya karata tatu. Hataza alikuwa nayo na mchezo ulipendwa. Lakini kampuni iliyodai kumiliki hataza za mchezo mwingine, Caribbean Stud, ilimwandama kwa madai kwamba anaingilia haki zake. Mwaka 1999 aliiuzia kampuni ya Shuffle Master haki za Marekani, akabaki na za Uingereza. Baadaye alifungua kesi katika jimbo la Mississippi, Marekani, akieleza kwamba hataza alizotishiwa nazo hazikustahili na kwamba zilitumika kuua ushindani. Mwaka 2007 wazee wa baraza walimpa dola milioni 13, ambazo kwa sheria ya ushindani huzidishwa mara tatu na kuwa milioni 39.

Ninachokiona mimi ni kwamba uamuzi wake wa kubaki na Uingereza ulikuwa na thamani kubwa kuliko tarakimu yoyote kwenye mkataba ule. Haki hugawika kwa nchi, kwa muda, na kwa njia ya kucheza: mezani au mtandaoni. Anayetia saini kwa "dunia nzima, njia zote" ameuza masoko ambayo hata hayajafunguliwa.

"Nitadai asilimia ya mapato ya meza"

Katika jimbo la Nevada, Marekani, asiye na leseni ya kamari haruhusiwi kupokea sehemu ya mapato ya mchezo. Ndiyo maana kawaida ya soko ni ada isiyobadilika kwa kila meza kila mwezi. Bishana kuhusu ada hiyo, na kuhusu idadi ya meza.

"Hesabu watafanya wao"

Hawatafanya, na mdhibiti wa kamari hatapitisha mchezo usio na ripoti ya mtaalamu wa hisabati. Karata tatu kutoka seti ya 52 zinaweza kuchaguliwa kwa njia 22,100. Katika hizo, karata zinazofuatana zisizo za aina moja (kopa, uru, shupaza au pau) ni 720, na za aina moja zisizofuatana ni 1,096. Ndiyo maana katika mchezo wa Webb zinazofuatana hushinda za aina moja, kinyume cha poka ya karata tano. Usipolijua jambo kama hilo, utapanga malipo yatakayoifilisi kasino au kuwafukuza wachezaji.

"Kampuni kubwa ikitaka haki zote peke yake, nimefika"

Jiulize kwanza inautakia nini mchezo wako. John Breeding, mwanzilishi wa Shuffle Master, alibuni mchezo wa Let It Ride mwaka 1993 ili mashine zake za kuchanganya karata zipate soko. Kampuni inaweza kuchukua mchezo wako kwa sababu zake, ikiwamo kuuweka kabatini usishindane na wake. Kwa hiyo anayetaka haki za peke yake alipe kima cha chini kila mwaka, hata kama hakuna meza iliyofunguliwa. Akishindwa kufikisha idadi ya meza mliyokubaliana ndani ya muda, haki zirudi kwako bila kesi. Maboresho yatakayofanywa baadaye yaandikwe ni ya nani, na uwe na ruhusa ya kukagua vitabu vyake vya hesabu. Kipengele cha haki kurudi ndicho mawakili wa upande wa pili watakachopigania kukifuta, na ndicho cha kukishikilia mpaka mwisho.